Kipenu cha gari la kambi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina HiAce niliyoigeuza nyumba ya safari: kitanda nyuma, jiko la gesi kwenye mlango wa nyuma, dumu la maji chini ya kiti. Naishi Arusha, na safari zangu nyingi ni za mbuga za kaskazini, Naivasha na pwani ya Tanga. Katika vyote nilivyofunga kwenye gari hili, watu huniuliza zaidi kuhusu turubai la pembeni linalokunjuliwa kuwa kivuli. Mimi naliita kipenu, maana ndivyo lilivyo: paa dogo lililoegemea ukuta. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa kambini na majibu ninayoyatoa.

Gari lina paa tayari. Kipenu cha nini?

Ingia kwenye gari lililoegeshwa juani saa 7 mchana, ukae humo dakika tano tu. Bati limeshika moto, viti vimeshika moto, na hakuna atakayeweza kula humo. Kipenu kinakupa sebule ya nje: mahali pa meza, viti vinne na mtoto anayecheza chini. Pia kinazuia jua lisipige ubavu wa gari, kwa hiyo usiku unapoingia kulala, chuma hakijajaa joto la mchana kutwa. Siku za manyunyu ndipo mtu anapokumbuka thamani yake, kwa sababu mlango unabaki wazi na mnaendelea kupika.

Kuna aina ngapi, na mimi nichukue ipi?

Zinazoonekana kwenye magari yetu ni tatu.

Ya kwanza ni ya mkoba. Turubai limeviringishwa ndani ya mfuko mrefu wenye zipu, umefungwa ubavuni mwa keria. Unafungua zipu, unakunjua, unashusha miguu miwili iliyofichwa kwenye boriti ya mbele, unatoa mikono miwili ya kutanua, basi. Ukishazoea, kazi yote ni dakika tatu au nne. Kwa kawaida ina upana wa mita 2 hadi 2.5 na inatoka nje mita 2 au 2.5. Ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza, na mtu mmoja anaiweza.

Ya pili ni ya kasha. Turubai linaishi ndani ya kasha la aluminiamu na linatolewa kwa kuzungusha hendeli. Kampuni kama Fiamma ya Italia na Thule ya Sweden zimejijengea jina kwa hizi, na ndizo utakazoziona kwenye magari ya watalii wanaoshuka kwa barabara kutoka Ulaya. Ni nadhifu sana na hazipigi kelele njiani. Lakini ni nzito, zina springi na viungo vingi ndani ya mikono, na vumbi letu linapenda viungo.

Ya tatu naiita ya bawa. Inafunguka kama bawa la popo kutoka pembe ya nyuma ya keria na kuzunguka digrii 270, hivyo inafunika ubavu na nyuma ya gari kwa pamoja. Kwa mtu anayepika kwenye mlango wa nyuma, hakuna kivuli kinachoishinda. Nyingi zinatoka Australia na Afrika Kusini, nchi ambazo kambi zake zinafanana na zetu. Uzito wake ndio wa kufikiria: kilo 20 na zaidi, zote zikiwa zimeng'ang'ania upande mmoja wa paa.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, nunua ya mkoba. Itumie mwaka mzima, ujue unakaa vipi kambini, halafu ndipo uamue kama unahitaji zaidi. Nimeona watu wengi wakianza na kasha la bei kubwa na kulifungua mara nne kwa mwaka.

Ukubwa gani unatosha?

Kwa watu wawili, mita 2 kwa 2 inatosha. Kwa familia ya wanne, mita 2.5 kwa 2.5. Pima keria yako kwanza, kwa sababu mfuko uliozidi urefu wa keria unaning'inia hewani na utatikisika hadi upasue mashikio yake. Halafu fungua milango yote, pamoja na wa nyuma, uone unapita wapi, kabla hujatoboa tundu lolote.

Nikifunge upande gani?

Kushoto, kama gari lako linaishi Tanzania, Kenya au Uganda. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama kando ya barabara kula chakula cha mchana, upande wa kushoto ndio wenye majani na usalama. Mlango wa kuvuta wa HiAce zinazotoka Japani nao uko kushoto, basi unatoka garini moja kwa moja kivulini.

Ukivuka kuingia Rwanda, Burundi au Kongo mambo yanageuka, maana huko wanaendesha kulia. Kipenu cha kushoto kitafungukia barabarani. Usikifungue hapo hata kwa dakika kumi. Tafuta uwanja, uingize gari ndani kabisa.

Cha bawa huuzwa kikiwa cha kushoto au cha kulia, na hakigeuzwi. Ukiagiza nje, andika wazi unataka cha upande wa abiria kwa gari lenye usukani kulia.

Na ukishafika kambini, upande wa kuegesha ndio wenye kazi zaidi. Jua la mchana wa saa 9 na 10 ndilo linalochoma, nalo liko magharibi. Elekeza kipenu mashariki, gari lenyewe liwe ukuta wa kuzuia jua. Pwani unaongeza hesabu ya upepo: msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, upepo unatoka kusini-mashariki, kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, unatoka kaskazini-mashariki. Maana yake kwenye ufuo kivuli na upepo vinagombania upande uleule. Mimi hukipa upepo kipaumbele: naweka mgongo wa gari kwa upepo, halafu natafuta kivuli kwa kuning'iniza shuka ya upande.

Kitambaa kipi kinadumu?

Hapa ndipo ningetumia pesa. Jua la ikweta linakula kitambaa kuliko mvua, na nyanda za juu linakula haraka zaidi. Poliesta nyembamba ya bei rahisi hupauka, halafu siku moja unaikunja na kidole kinapita.

Turubai la mchanganyiko wa pamba na poliesta, lililofumwa kwa miraba midogo ya kuzuia mpasuko usiendelee, ndilo ninalolipenda. Linapumua, halipigi kelele sana kwenye upepo, na kivuli chake ni kizito. Hasara yake ni uzito na kuchelewa kukauka. Poliesta nene yenye utando wa kuzuia maji inakauka upesi na ni nyepesi, kwa hiyo inamfaa anayehama kila siku.

Muuzaji akikutajia kipimo cha maji kwa milimita, anazungumzia kimo cha safu ya maji ambacho kitambaa kinahimili kabla tone halijapenya. Milimita 1500 inatosha kwa kipenu kilichoinamishwa vizuri. 3000 ni salama kwa masika. Usitafute namba kubwa zaidi ukasahau mishono, kwani maji huanzia kwenye matundu ya sindano. Turubai jipya la pamba lilowanishe nyumbani kwa maji safi, likauke kabisa, kabla ya safari ya kwanza. Nyuzi zikilowa hutanuka na kuziba matundu hayo zenyewe.

Rangi ina maana yoyote?

Ina maana kubwa kwa anayelala kwenye nchi ya ndorobo. Wataalamu wa kuwatega ndorobo hutumia vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu rangi hizo zinawavuta. Ukienda Tarangire na kipenu cha buluu iliyokolea umetandaza mtego wako mwenyewe, ila wewe ndiye uliye ndani yake. Chagua rangi ya kaki, kijivu cha mchanga au kijani kilichofifia.

Naweza kukifunga mwenyewe?

Unaweza, mkiwa wawili. Kinashikwa kwenye keria kwa vyuma vya pembe, viwili kwa cha mkoba, vitatu au zaidi kwa cha bawa, kwa bolti za M8 zinazofungwa na spana namba 13. Tumia nati zenye plastiki ndani, zile zinazojibana, na washa pana chini ya kila nati.

Kinachoharibu kazi ya fundi mzuri ni barabara. Njia ya changarawe kutoka Ngorongoro kwenda geti la Naabi ina mawimbi kama bati la nyumba, na mtikisiko wake unafungua nati bila wewe kusikia. Ninachofanya ni hiki: nikishakaza, nachora mstari mmoja kwa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Kila nikisimama kujaza mafuta natupia jicho. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka. Natoa spana pale pale. Safari iliyopita, katika nati sita, mbili zilikuwa zimezunguka robo.

Kumbuka pia kwamba kikomo cha uzito wa paa kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kinahesabu keria, kipenu, hema la juu na dumu la mafuta, vyote kwa pamoja.

Upepo mkali kiasi gani nikikunje?

Wahi mapema kuliko unavyodhani. Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu angeuliza kabla ya kununua.

Kipenu ni tanga. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Turubai la mita 2 kwa 2.5 lina mita 5 za mraba. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukilipiga sawasawa unalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 37. Ukifika kilomita 80, nguvu hiyo inakuwa kama kilo 150. Hakuna mguu wa aluminiamu wa unene wa kidole gumba utakaobishana nayo.

Naivasha ilinifundisha. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni. Nilisimamisha miguu miwili, sikupiga kigingi hata kimoja, nikaenda kutembea. Kama saa 10 jioni upepo ulishuka kutoka milimani. Niliporudi kipenu kilikuwa juu ya paa la gari, kimepinduka, miguu inaning'inia upande wa dereva. Mkono mmoja ulikuwa umepinda, na pale ulipounganishwa na boriti, ribiti ilikuwa imeng'oka na kuacha tundu la duara lililochanika pembeni, chuma kimekunjuka kama karatasi. Mwanangu alikuwa amekaa chini yake robo saa kabla. Tangu siku hiyo nina kanuni tatu ambazo siziachi.

Miguu ikisimama, vigingi vinapigwa dakika hiyohiyo, si baadaye. Kila pembe ya mbele inapata kamba mbili, moja ikivuta mbele na nyingine ikivuta pembeni, ili turubai lisipate pa kuchezea. Na hakuna anayetoka kambini, wala anayelala, kipenu kikiwa wazi bila mtu mzima wa kukiangalia.

Dalili ya kukunja: turubai likianza kupiga makofi na boriti ya mbele ikiinuka hata kidogo, kunja. Ukingoja hadi inyanyuke ya pili, utakuwa unapigana nalo mikononi.

Na mvua?

Mvua inaua vipenu vingi kimyakimya. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, na lita moja ni kilo moja. Mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika inanyesha kabla chai haijachemka, ikikusanyika kwenye kipenu cha mita 5 za mraba ni lita 100. Hiyo ni mifuko miwili ya saruji iliyolala juu ya turubai. Mikono inapinda kwanza, halafu vyuma vya keria.

Dawa ni mteremko. Shusha mguu mmoja wa mbele sentimita 30 chini ya mwenzake, maji yapate pembe moja ya kutokea. Weka ndoo hapo, upate maji ya kuoshea vyombo. Kitambaa kikiwa na tumbo katikati, pitisha kamba kutoka kwenye gari hadi boriti ya mbele, chini ya turubai, uikaze. Maji hayatapata kitanda.

Ukikuta bwawa limeshajaa, usilisukume kwa kichwa au mikono ukiwa umesimama chini yake. Shusha mguu mmoja taratibu, maji yakimbilie upande huo.

Vigingi havishiki. Nifanyeje?

Inategemea ardhi. Kwenye udongo wa kawaida, piga kigingi kikiwa kimelala kuelekea nje, kichwa kikiwa mbali na gari, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Kikisimama wima kitang'oka.

Kwenye mchanga wa pwani vigingi vyembamba havina maana. Jaza mfuko wa sandarusi kwa mchanga, ufunge kamba shingoni, uchimbe hadi kwenye goti, uuzike, ukanyage juu. Wavuvi wanajua ufundi huu kuliko muuza vifaa yeyote. Kwenye mwamba, funga kamba kwenye jiwe kubwa na uweke jingine juu ya kamba. Kamba zote zifungwe kitambaa cheupe, maana usiku ndizo zinazoangusha watu wanaokwenda chooni.

Naruhusiwa kupika chini yake?

Kwa jiko la gesi, pande zikiwa wazi na moto ukiwa ukingoni, ndiyo. Kwa mkaa, hapana. Cheche moja inatoboa poliesta papo hapo.

Kuna jambo zito zaidi ya tundu. Watu hushusha kuta za turubai kwa ajili ya baridi, hasa juu ya kingo za Ngorongoro ambako kambi ya Simba iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku unauma, kisha wanaingiza jiko la mkaa kuotea moto. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Unasikia usingizi tu, hukohoi, husongwi. Mkaa unaoonekana kuwa majivu bado unaitoa. Usiingize jiko la mkaa ndani ya kipenu kilichofungwa wala ndani ya gari, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Vaa sweta la pili, jaza chupa ya maji ya moto, ulale nayo.

Tunaweza kulala chini ya kipenu mbugani?

La. Kambi za umma za Seronera ndani ya Serengeti hazina uzio. Fisi wanapita kati ya mahema na simba wanasikika. Lala ndani ya gari au ndani ya hema lililofungwa zipu. Kambini Simba tembo huja kunywa maji kwenye tangi, na mnyama wa ukubwa ule haoni kamba nyembamba. Jioni, mkimaliza kula, kunja kipenu, ingiza chakula na viatu garini. Mchana tatizo ni nyani: wakinusa ndizi juu ya meza, turubai linakuwa ngazi.

Asubuhi tunakwenda kuangalia wanyama. Je, ni lazima kukunja kila siku?

Kikiwa kimefungwa kwenye keria, ndiyo, na ndiyo sababu nasisitiza cha mkoba. Geti zinafunguliwa saa 12 asubuhi. Usipoteze saa nzima ya mwanga mzuri kwa ajili ya turubai. Wazungu wana aina ya hema linalounganishwa na gari kisha linabaki limesimama peke yake gari likiondoka. Kwa wiki nzima ufukweni ni kitu kizuri sana. Kwa anayelala usiku mmoja hapa na mmoja pale, ni mzigo.

Nimekikunja kimeloa. Kitaharibika?

Bado hakijaharibika. Umande wa Ngorongoro hautakungojea ukauke, kwa hiyo sote tunakunja vikiwa vimeloa. Kikunjue ndani ya siku moja, au mbili zikizidi, hata kama ni uani kwako. Ukikisahau wiki moja, madoa meusi ya kuvu yanaingia kwenye nyuzi na hayatoki, na harufu yake inaingia hadi kwenye mito.

Kukifua tumia maji na sabuni laini kidogo, kwa brashi ya manyoya mepesi. Sabuni ya unga kali na dawa za kung'arisha nguo zinaondoa utando unaozuia maji. Ukitoka pwani, suuza kila kitu kwa maji baridi, hasa zile sehemu ambapo bolti ya chuma inagusa aluminiamu, maana chumvi huzila kwa siri. Zipu inayogoma ipakwe nta ya mshumaa.

Fundi wa maturubai anaweza kunishonea?

Anaweza, na kazi yake mara nyingi ni imara. Mafundi wanaoshona maturubai ya malori wana cherehani nzito na uzi unaostahili. Mpelekee vipimo vilivyoandikwa, mwambie akunje ukingo mara mbili na aweke kiraka cha ziada kwenye kila pembe kabla ya kugonga ringi za kupitishia kamba. Mwambie pia achague turubai jepesi kuliko la lori. Lile la lori likiloa, huwezi kuliinua peke yako. Miguu utaipata kwa fundi wa vyuma: mabomba mawili ya aluminiamu, moja likiingia ndani ya jingine, na pini ya kuzuia.

Nikinunua kilichotumika, niangalie nini?

Kifungue chote, pale pale, mchana. Simama chini yake utazame jua: matundu yatajionyesha kama nyota. Vuta kitambaa kwa mikono miwili karibu na mkunjo wa juu, ule unaopigwa na jua wakati wote. Kikilia kama karatasi, acha. Tazama viungo vya mikono kama vimepinda au vina ribiti mpya, halafu kunja wewe mwenyewe hadi zipu ifunge. Muuzaji akisema utakifungua nyumbani, rudisha pesa mfukoni.